Aliyefungua Ndiye Afunge

Gerejini kwa Baba,
Jumapili alasiri, tarehe 22.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko kwenu? Kifua cha wifi yangu kimepona, au bado anakohoa na kukataa kunywa dawa? Na wanao, Kifungua Mimba na Kitinda Mimba, siku hizi wanakula wenyewe au bado wanakimbizwa na kijiko nyumba nzima? Nawaombea heri wote, hata wewe mwenye kuandika barua moja kwa mwaka kama mtu anayelipia kila neno.

Sisi huku hatujambo. Baba nyonga bado inamsumbua tangu alipoanguka, lakini mdomo ni mzima, haukupata hata mkwaruzo. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake pale mlangoni, na jioni anarudi kutoka kitini hadi kitandani. Safari zote mbili anazisimulia kama mtu aliyevuka jangwa.

Barua yako tuliipata, nikamsomea pale pale gerejini. Nilipofika unapouliza habari za skuta, injini ikoje, gia ngapi, matairi ya saizi gani, bodi ni lile lile au la kuungaunga, Baba alivua kofia. Kaka, alivua kofia! Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema nirudie tena. Tangu siku hiyo anaamka akiimba. Ule mstari unaofuata, wa bwana wa kazini kwako anayekusanya skuta kuukuu na anayetaka kuinunua hii, nilikohoa nikauruka. Ukitaka kukasirika kasirika. Baba anaamini umeuliza kwa sababu unataka kurudi kuimalizia, nami sikupata roho ya kumwambia vingine.

Haya, vipimo. Baba amekaa hapa ubavuni mwangu, mikono juu ya fimbo, ananiambia andika, nami naandika. Injini ni ya mipigo miwili, silinda moja, inapozwa kwa upepo wa feni yake yenyewe. Upana wa tundu la silinda ni milimita hamsini na saba, mwendo wa pistoni ni milimita hamsini na saba. Anasisitiza nitaje kwamba ni sawasawa, upana na mwendo, na kwamba injini ya namna hiyo haina papara. Ujazo ni sentimita mia moja arobaini na tano na ushee. Mimi naongeza la kwangu: tundu sasa ni hamsini na saba na nukta nne, kwa sababu uliiacha silinda kwenye karai ikala kutu, na mimi ndiye niliyeibeba mpaka kwa mkereza vyuma akaichonga upya. Baba anasema andika kipimo cha kiwandani. Nimeandika vyote viwili, chagua.

Haina oili ya peke yake. Sehemu ishirini za petroli kwa sehemu moja ya oili, zinachanganywa kabla ya kutiwa tangini, na Baba bado anapima kwa kile kikombe cha bati cha marehemu Mama. Ukizidisha oili inafuka moshi na plagi inaziba, ukipunguza pistoni inang'ang'ania. Wewe ulikuwa mtu wa kuzidisha. Baba anakumbuka, usidhani amesahau.

Gia ni nne, zote mkono wa kushoto, unabana klachi unazungusha mshikio. Breki ya nyuma ni ya mguu wa kulia, ya mbele ya mkono. Matairi ni ya inchi nane, yanalingana, na la akiba lipo. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu. Injini imening'inizwa kulia, ndani ya lile shavu la bati, ndiyo maana inaegemea kidogo upande huo kama mtu aliyebeba ndoo. Taa ni za volti sita, betri hakuna, ukipunguza moto nazo zinasinzia. Bodi ni lile lile la bati, halijaungwa, ila lina lile bonde ulilolitia wewe ulipogonga ukuta wa shule ukasingizia mbuzi.

Gia ya kurudi nyuma: haina. Baba amesema niandike hivyo hivyo, haina. Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Sasa Baba amesinzia, kidevu juu ya fimbo. Ndiyo nafasi yangu. Umeuliza habari za skuta kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Kuhusu mimi uliandika "nawe natumaini u mzima", basi. Mimi si mzima, Kaka. Nimechoka.

Unaikumbuka nyumba ulivyoiacha. Mlango ni ule ule mmoja, wa bati, wa kusukuma juu, na anayetaka kutoka lazima apite gerejini, na anayepita gerejini lazima apite mbele ya kiti cha Baba. "Unakwenda wapi? Na nani? Unarudi lini? Niletee spana namba kumi kwanza." Zamani tulikuwa na dirisha la jikoni angalau. Sasa mwenye stoo ya nyuma kajenga ukuta wake mpaka umegusa kizingiti chetu. Nikifungua dirisha naona matofali. Nayajua yale matofali kuliko ninavyoijua sura ya mtu yeyote wa umri wangu. Kila skuta ikijaribiwa mvua inaponyesha na mlango umefungwa, moshi wote unahamia chumbani kwangu, na nywele zangu zinanuka oili hata niende kanisani au harusini. Watu wananijua kwa harufu kabla hawajaniona.

Nakuambia haya ujue uzito wa jambo linalofuata. Karakana ya reli wameniita kazini. Si kufagia wala kupika chai, Kaka. Ni fundi wa injini, na chumba nimepewa, chenye dirisha. Walinitaka kabla, wakati ule Baba alipoanguka, nikawaomba wanisubiri wakanisubiri. Safari hii wameandika wazi kwamba nisipofika tarehe mosi nafasi anapewa mwingine. Na hakuna kuomba tena.

Nikamwambia Baba. Hakukataa. Laiti angekataa, ningejua pa kushika! Alisema tu ile sheria yake, "Fundi haondoki na kazi mezani." Na kazi iliyokuwa mezani ni ipi? Ni skuta yako. Ni yake, lakini ni wewe uliyeifungua. Uliifungua yote kwa wiki moja, ukasema Jumapili utaifunga, mara safari yako ikaiva, ukatuachia injini kwenye makarai matatu chini ya kitanda. Mama, aliyekuwa akiiita skuta mke mwenzake, alikuwa akipita na ufagio anasema mke mwenzangu amelazwa, nani anakwenda kumtazama? Baba miaka yote hiyo hakuigusa. Fundi gani anakaa na skuta yake mwenyewe vipande vipande, anapanda ya kuazima? Lakini sheria ni sheria, aliyefungua ndiye afunge. Akaivunja sheria hiyo mara moja tu, alipoanguka, akaona hataweza tena. Akaniambia, "Basi ifunge wewe."

Nikaifunga. Nilianza na kutu, nikaja kwenye ringi, sili, kebo za klachi, vyote. Sahani ya platini, ile inayoamua cheche itoke lini, niliiweka mahali pake nyuma ya gurudumu la sumaku, nikaikaza kwa skrubu zake tatu, nikakwaruza alama kwa ncha ya msumari nisije nikabishana na mtu. Nikarudisha gurudumu, nikafunika, nikapaka rangi. Ikabaki kuwasha tu. Barua yako ikafika wiki hiyo hiyo.

Siku ya kuiwasha niliinua mlango wa bati, nikaigeuza uso barabarani. Majirani wakatoka. Mama Pasi, yule jirani anayepiga nguo za watu pasi, na ambaye kwa mambo yasiyomhusu hajambo, aliacha shati la mtu kwenye meza akaja mbio. Nikapiga kiki moja, ikawaka. Kaka, ikawaka, na sauti yake ni ile ile ya utoto wetu! Machozi yalinilenga. Nikabana klachi, nikaingiza gia ya kwanza, nikawapungia watu mkono kama bibi harusi, nikaachia.

Ikarudi nyuma.

Ilirudi nyuma mbio na mimi juu yake, uso kwa majirani, mgongo kwa nyumba, mkono bado juu nawaaga, huku naingia ndani! Nikapita meza ya kazi, nikaangusha rafu ya makopo, nikaenda kusimamishwa na pipa la maji jikoni, chini ya lile lile dirisha langu la matofali. Nje nilisikia Mama Pasi amekaa chini kabisa, anacheka mpaka anaomba maji. Lile shati likaungua. Mwenyewe akaja kulalamika, akasimuliwa, naye akacheka.

Wewe unajua kwa nini. Injini ya mipigo miwili haina mbele wala nyuma. Cheche ikija mapema mno, pistoni inasukumwa chini kabla haijafika juu, krenki inayozungusha gurudumu inageuka kinyume, na inaunguruma vile vile bila haya. Hujui mpaka utie gia. Lakini Baba, akiwa kitini kwake, hajasimama, hajashika chochote, alisema, "Taimingi hiyo, cheche imekosea saa yake." Kabla sijafungua hata nati moja! Ningekuwa na akili ningejiuliza hapo hapo. Niliona aibu tu.

Nikafungua. Kweli, sahani imesogea, imeiacha alama yangu mbali. Nikajilaumu kwamba sikukaza. Nikairudisha, nikakaza mpaka kiganja kikauma. Kesho yake nilipopiga kiki tena, kiki ikanirudishia teke la kifundo cha mguu, nikachechemea, tukawa wawili wa kuchechemea nyumba moja. Nikafungua. Sahani imesogea tena.

Kaka, humu ndani tunaishi watu wawili na panya, na panya hajui kung'oa gurudumu la sumaku. Nikatazama ukutani. Kile chuma cha kung'olea gurudumu, mimi hukiweka kwenye sanduku. Siku hiyo kilikuwa kimening'inia kwenye msumari wa Baba, pale pale anapokitundika tangu tunazaliwa.

Nikairudisha sahani, nikafunika, nikatoka na kikapu kama naenda sokoni. Nikazunguka nyumba mbili tatu, nikarudi. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, gurudumu la sumaku mapajani, bisibisi mkononi, nyonga ile inayomliza akiinama kuvaa viatu, leo imeinama kimya bila hata kusema aa.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakagua."

"Unakagua au unaharibu?"

Akarudi kwenye bisibisi yake. Na mimi, Kaka, nikapandisha sauti. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, siyarudii hapa, Mama Pasi aliyasikia yote na nina hakika ameyagawa. Nilimwambia kama hataki niondoke aseme kwa kinywa chake, asinirudishe nyuma kwa bisibisi. Nilimwambia nitazeeka humu nikitazama matofali, na yeye ataona raha.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza, "Wewe nenda. Nani amekuzuia wewe? Lakini hii ikishafungwa, yeye atarudi kufanya nini?"

Yeye ni wewe.

Sikujua nilie au nicheke. Miezi yote nimejiona mfungwa wa Baba, kumbe hata kifungo chenyewe si changu, ni chako, mimi nilikuwa nimekikalia tu! Mzee hakuisogeza sahani ili mimi nibaki. Aliisogeza ili skuta isiishe, ili yule aliyeuliza habari zake baada ya miaka akute bado kuna kazi. Niliumia, sikufichi. Mimi ninayemwosha miguu sikuharibiwa taimingi, umeharibiwa wewe usiyekuwepo. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Thubutu! Katika nyumba hii lako ndilo lililopo kuliko la mtu yeyote.

Nilikaa chini sakafuni pale, karibu na kigoda chake. Halafu nikamuuliza, "Baba, aliyefungua ni nani?"

Akasema, "Kaka yako."

"Na sheria inasema nani afunge?"

Akanitazama. Hakuna fundi anayependa kubanwa kwa spana yake mwenyewe. Akasema, "Aliyefungua."

"Basi mimi nangoja nini hapa?"

Alisugua lile gurudumu kwa kitambaa, akalisugua tena, na lilikuwa safi. Kisha akatia mkono mfuko wa shati akatoa zile skrubu tatu za sahani, akanishikisha kiganjani, akakifumba kiganja changu kwa mikono yake miwili. Akasema, "Mtumie."

Kwa hiyo, Kaka, usishtuke kwa uzito wa bahasha. Hicho kinachogongana chini ni skrubu tatu. Skuta imekamilika, imepakwa rangi, tairi zina upepo, petroli imechanganywa ishirini kwa moja kwa kikombe cha Mama. Imebaki sahani ya platini, iko legevu, na alama yangu ya msumari utaiona. Mzee ana makopo ya skrubu ya kujaza karai, angeweza kutia nyingine yoyote akawasha kesho asubuhi. Hatatia. Wewe unamjua.

Mwambie yule bwana wa kazini kwako kwamba injini yenye sahani legevu haiuzwi. Atakayeitaka skuta hii aifuate mwenyewe, na aje akijua kwamba inakuja pamoja na mzee mmoja, wa zamani, bodi lile lile, nyonga moja mbovu, mdomo mzima, hataki kupunguziwa chumvi. Vipimo vyake vingine utavipata ukifika.

Mimi naondoka Jumamosi. Barua hii naitia posta mwenyewe njiani, hivyo utakapoisoma nitakuwa nimeshafika karakana, usiniandikie kunibembeleza nibaki. Mama Pasi amekubali kulala huku, ampikie na kugombana naye, lakini amesema wazi ni mpaka mwisho wa mwezi ujao, baada ya hapo anakwenda kwa binti yake anayejifungua. Huo ndio muda ulio nao. Nina hofu, sikufichi. Nahofia kumwacha, nahofia usije, nahofia niende kule nikaambiwa mwanamke gani huyu ananuka moshi wa skuta. Lakini naondoka. Nikibaki safari hii sitaondoka tena, na nitakuja kumchukia Baba, na hilo sitaki linipate.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie anywe dawa yake aache ukaidi. Kifungua Mimba mwambie shangazi yake amemwekea kengele ya baiskeli, ipo kwenye droo ya juu gerejini. Kitinda Mimba mwambie babu yake anataka kumwona kabla hajaota meno yote. Mama Pasi anakusalimu na anasema bado unadaiwa maelezo ya yule mbuzi.

Mungu akupe afya, akupe ruhusa kazini, akufungulie njia ya kuja nyumbani kabla ya huo mwezi ujao kwisha.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata akiwa amekukasirikia,

Dada Mdogo.

Baba ameamka. Anauliza mbona nimeandika kurasa zote hizi, nimemwambia vipimo ni vingi. Amezipapasa skrubu ndani ya bahasha, amezihesabu kwa kidole, na anasema niongeze hili kwa herufi kubwa ili usijifanye hukuona: HAZIRUDISHWI KWA POSTA.